Maswali yenu kuhusu Mwalimu, kutoka huku Kusini

Kila Oktoba 14 ikikaribia naulizwa sana kuhusu Mwalimu Nyerere, leo najibu manne.

Lindi mjini: Hivi "Mwalimu" kilikuwa cheo?
Alifundisha kweli jamani. Alianzia St. Mary's Tabora, aliporudi toka Edinburgh mwaka 1952 akaenda kufundisha Pugu, 1955 ikabidi achague darasa au siasa, akaacha kazi wakati chama chake cha TANU hakijatimiza hata mwaka maana kilizaliwa Julai 7, 1954.

Nachingwea: Babu anasema Samora alikaa huku kwetu, kweli?
Kweli kabisa, na huyo babu mrekodi leo leo kwenye simu. Mwalimu aliwapa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji waliokuwa chini ya Mreno, kambi hapo Nachingwea, vijana wakafundishwa vita wakavuka Ruvuma, na Mei 1975 Samora Machel akatokea huko huko kwenda kupokea nchi yake. Ila wenyeji ndo walioishi jirani na vita yenyewe, mabomu ya Mreno yalidondoka mpaka upande wetu, watu wakawa wanalima huku masikio yako juu. Hii sehemu ya Kusini kwenye ukombozi haisemwi inavyostahili na mimi inaniuma.

Newala: Mbona wazee wengine ukitaja vijiji vya ujamaa wananuna?
Kwa sababu walihamishwa, basi. Mpango ulianza kwa hiari lakini kufika 1973 na kuendelea ikawa operesheni, mtu anaambiwa hama, hataki anabebwa na nyumba inabomolewa. Mwalimu alitaka watu wakae pamoja wapate shule, zahanati na maji, na kweli wengi tumesoma bure kwa ajili hiyo, sibishi. Lakini mkorosho hauhami. Babu yangu aliachia shamba lake kwenye mahame, yaani kijiji cha zamani walichohamishwa, akawa anatembea asubuhi nzima kufika, akikuta magugu yamefika kiunoni na moto umeshapita, anaokota korosho chache anarudi na jua la utosi. Nchi nzima ilikuwa inatoa korosho kama tani 145,000 msimu wa 1973/74, kufika 1986/87 hazifiki hata 20,000. Ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, nao ulichangia, bei mbovu pia, ila kuwatenga watu na mikorosho yao lilikuwa kosa na nampenda Mwalimu huku nikilisema. Nyie mkienda mahame mtaiona bado imesimama kwa mistari, katikati ya pori.

Masasi: Ni kweli aliwahi kujiuzulu?
Ndio, Januari 1962, uhuru hauna hata miezi miwili, akamwachia Kawawa uwaziri mkuu akaenda kukijenga chama, Desemba akarudi kama rais. Alafu 1985 akang'atuka mwenyewe, Mzee Mwinyi akaingia, mjue enzi hizo marais wangapi walikubali kutoka wakiwa hai.

Na aliyetutangazia msiba wake Oktoba 14, 1999 ni Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso, hapo hapo kwenu Masasi. Babu yangu alikuwa barazani anabangua korosho, redio iko kwenye kigoda. Aliposikia akaweka nyundo chini, akavua kofia akaishika mapajani, na hakuivaa tena mpaka jioni.