Je, Virusi Vinaweza Kutibu Kidonda?

SWALI: Ndugu Mhariri, mama yangu ana kidonda cha mguu kisichopona, na daktari ametueleza kwamba bakteria waliomo wamekuwa sugu kwa antibiotiki alizopewa. Nimesikia kwamba vipo virusi vinavyoua bakteria. Je, si hatari kumwongezea mgonjwa virusi? Na kama vinafaa, mbona havimo madukani?

JIBU: Ndugu msomaji, tunampa pole mama. Virusi hivyo huitwa bakteriofaji, au kwa kifupi faji, na haviambukizi seli za binadamu. Faji hunasa kwenye alama maalumu zilizo juu ya bakteria, ikaingiza vinasaba vyake ndani na kumlazimisha azalishe faji nyingine, hata ukuta wake upasuke. Kwa baadhi ya aina, kazi yote hiyo huchukua kama nusu saa. Katika sahani ya maabara iliyotanda utando wa bakteria, mahali faji zilipofanya kazi huonekana vitundu vya duara vilivyo wazi, na mwaka 1917, huko Paris, mwanasayansi Félix d'Hérelle alitangaza ugunduzi wake wa faji alizozipata kwa wagonjwa wa kuhara damu.

Kinachozifanya faji zisimdhuru mama ndicho pia kinachozizuia kujaa madukani: zinachagua mno. Faji inayoua bakteria wa kidonda chake huenda isiwaguse kabisa bakteria wa jamii ileile waliomo katika kidonda cha mgonjwa wa kitanda cha pili, kwa hiyo sharti bakteria wa usaha waoteshwe maabara, faji kadhaa zijaribiwe, kisha zilizofaulu zisafishwe sumu zinazoachwa na bakteria waliopasuka. Kwa kuwa bakteria huweza kuwa sugu hata kwa faji, mara nyingi huchanganywa aina kadhaa, tena pamoja na antibiotiki. Antibiotiki ya penisilini ilipoenea katika miaka ya 1940, nchi nyingi ziliiacha kazi hii ngumu, lakini taasisi ya Tbilisi, nchini Georgia, iliyoanzishwa mwaka 1923 na mwanasayansi George Eliava, inaiendeleza hadi leo. Kwa maoni yangu, kuipuuza kwetu kumetugharimu.

Katika nchi nyingi tiba hii hutolewa kwenye majaribio au kwa kibali maalumu, dawa nyingine zikishashindwa. Tafadhali usimnunulie mama chupa yoyote mtandaoni. Mwulize daktari kama bakteria wa kidonda wameoteshwa na kutambuliwa, kwa maana bila hilo hata mwenye ghala la faji hana pa kuanzia.