Kuhama IST kwenda Leaf huku Kusini: jiulize kwanza gari litalala wapi

Mdau ameuliza hivi: anaishi Mtwara mjini, ana IST ya 1.5, kila wiki anakwenda Lindi na kurudi, bei ya petroli imemchosha, anataka kuiuza achukue Nissan Leaf, gari la umeme mtupu. Anataka kujua nguvu, umbali na gharama. Wengi mmemjibu kwa namba za kwenye matangazo ya wauzaji. Mimi natembelea Leaf hapa Mtwara mwaka wa tatu sasa, tena kwa njia hiyohiyo ya Lindi, kwa hiyo namjibu kwa yaliyonikuta. Mnivumilie, ni ndefu.

Nguvu tuimalize haraka maana haina mjadala. Kwenye makaratasi IST yenye injini ya 1NZ ina farasi 109, na Leaf ya kizazi cha kwanza ina farasi 109 vilevile. Ukiishia hapo utasema ni yaleyale. Lakini kwa nguvu ya kusukuma (torque) IST inakupa Nm 141, na ili uzipate zote injini lazima ilie mpaka mizunguko 4,200. Leaf inakupa Nm 254 tangu tairi halijaanza kuzunguka. Hakuna gia ya kusubiri. Ukiwa nyuma ya lori la korosho na umeona mbele kweupe, unakanyaga na umeshalipita, dereva wa lori bado anashangaa mbona hajasikia kitu. Kizazi cha pili chenye betri ya yuniti 40 (kWh, yuniti zilezile za umeme wa nyumbani) kina farasi 150, kinaruka zaidi. Kwa upande huu IST huikumbuki hata siku moja.

Sasa umbali, ndipo penye kazi.

Langu ni la 2016, betri ya yuniti 30. Wajapani kwa kipimo chao cha JC08 waliliandikia kilomita 280. Wamarekani walipima gari hilohilo wakapata maili 107, yaani kama kilomita 172. Waamini Wamarekani, na hapo likiwa jipya. Betri ya 30 ikiwa mpya inakuachia kama yuniti 27 za kutumia. Yangu niliinunua ikiwa na afya ya asilimia 84, kwa hiyo zikabaki 22 na ushee. Nikienda mwendo wa 80, linakula kama yuniti 15 kwa kilomita 100. Piga hesabu mwenyewe: ni kilomita 145 hadi 150 mpaka likauke kabisa. Mtwara hadi Lindi ni kama 108. Kwenda unafika bila wasiwasi. Kwenda na kurudi bila kuchaji, sahau.

Tena hiyo ni kwa mwendo wa 80. Mwezi wangu wa kwanza nalo nilitoka Lindi jioni betri ikiwa na asilimia 85, dashibodi ikaniambia kilomita 121. Nikasema zinatosha, nikawasha kiyoyozi, nikashika 100 niwahi nyumbani. Baada ya Mnazi Mmoja nikaona nikienda kilomita moja, dashibodi inakata mbili. Ile namba ni mpiga ramli tu, inatabiri ya mbele kwa kuangalia ulivyoendesha nyuma. Nikazima kiyoyozi, nikafungua vioo, nikashuka mpaka 60, lakini umeme ulioliwa haurudi. Nakaribia Mikindani namba ikafutika kabisa, vikabaki vistari vitatu. Naanza kupanda kutoka Mikindani, kwenye dashibodi ikawaka taa ya kobe. Ndiyo, kobe, waliichora makusudi. Gari likalegea kama limemwagiwa maji. Bodaboda akanipita, akageuka: "Mzee, limekula nini leo?" Nikageuza, nikateremka hadi kwenye mgahawa mmoja pale Mikindani, nikaomba soketi. Saa mbili nzima nakula samaki nisiye na njaa naye, zikaingia yuniti nne, zikanifikisha nyumbani.

Tangu siku hiyo mdau akiniuliza Leaf inakwenda kilomita ngapi, namuuliza yeye: ukifika uendako, gari litalala wapi? Kifaa changu cha kuchajia ni cha ampea 10, kinaingiza yuniti 2.3 kwa saa. Kujaza betri kutoka robo ni saa nane. Gari lina tundu la chaji ya haraka ya CHAdeMO, lakini njia nzima kati ya Mtwara na Lindi sijawahi kukutana na mashine yake, kwa hiyo kwangu lile tundu ni pambo. Safari ya Lindi imegeuka kuwa ya kulala: natoka Alhamisi mchana, nalala, narudi Ijumaa. Kama shughuli zako ni za kwenda asubuhi na kurudi jioni, hesabu imeshakujibu.

Na kulala kwenyewe kuna mambo yake. Mwanzoni nililala kwa mama mdogo, Lindi mjini. Kwa heshima, kila nikienda nilikuwa natuma kwanza tokeni ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya elfu 3 kwenye mita yake. Mara ya kwanza naangalia ujumbe: yuniti 24 na nusu! Kwangu Mtwara elfu moja inanipa 2.8. Nikamsimulia kila mtu kwamba umeme wa Lindi ni wa bure.

Wiki ya tatu mama mdogo akaniita uani. Ana karatasi ya kibanda cha LUKU mkononi. "Mwanangu, mimi naweka elfu moja inakuja nane, mwezi unakwisha. Leo nimeweka elfu moja zimekuja tatu na kitu. Hili gari lako limenifanya nini?"

Ikabidi nijifunze ushuru wa umeme nikiwa na miaka 44. Mama mdogo yuko kwenye tarifu (daraja la bei) ya D1, ya wanaotumia kidogo: shilingi 100 kwa yuniti mpaka yuniti 75 kwa mwezi, ukiweka VAT asilimia 18 na zile tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (wadhibiti wa nishati) inafika 122. Ukivuka 75, zinazozidi ni shilingi 350 kabla ya makato, yaani kama 427. Tokeni zangu tatu zilikuwa zimeshanunua 74 kwenye mita yake. Mimi nilikuwa najiona muungwana, kumbe nimeikomba ruzuku ya mama wa watu ndani ya siku 20. Na ukizoea kuvuka unatolewa kabisa kwenye D1, kuirudia ni kuomba. Nilimrudishia hela yake na nikaacha kuchaji pale. Wakuu, hili sijaona mtu analiandika: kabla hujachomeka gari kwa ndugu, muulize elfu moja inampa yuniti ngapi. Akisema nane, chomoa.

Sasa nalala gesti moja yenye tarifu ya kawaida. Nimefunga mita ndogo kwenye soketi ya nje, asubuhi tunaisoma pamoja na mwenye gesti, namlipa 500 kwa yuniti. Yeye anapata faida yake, mimi nakula yuniti kama 20, ni shilingi 10,000. IST kwa upande mmoja wa safari hiyohiyo ingekunywa lita nane na zaidi, kama 25,000 petroli ikiwa elfu 3.

Nyumbani Mtwara niko T1, ile tarifu ya kawaida, shilingi 292 kwa yuniti, na makato inakuwa kama 357. Hapo ndipo raha ilipo. Mizunguko yangu ya mjini na Lindi kwa wiki ni kilomita 360 hivi. IST kwa kilomita 13 za lita ingetaka kama lita 28, yaani 84,000. Leaf, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, ni yuniti 65, na hata ukiweka zile za gesti haifiki 28,000. Kwa mwaka ninabakiwa na karibu milioni 3. Oili ya injini hakuna, plagi hakuna, na breki hazichoki maana mota ndiyo inayolizuia gari na kurudisha umeme. Yanayobaki ni matairi, bushi na ile betri ndogo ya volti 12. Msiidharau hiyo ndogo. Yangu ilikufa siku moja sokoni, betri kubwa imejaa pomoni na gari haliwaki, mpaka nikaazima umeme kwa bajaji.

Weka pia hela ya fundi. Mimi nilianza na ekstensheni kutoka sebuleni. Usiku wa nne nikaamshwa na harufu ya plastiki, nikakuta soketi ya ampea 13 imebonyea kama mshumaa. Mzigo wa saa nane mfululizo si sawa na pasi ya dakika kumi. Fundi akavuta waya wa milimita 6 kutoka kwenye mita, akaweka breka yake peke yake, akachimbia erthi upya, maana iliyokuwepo ilikuwa waya unaoning'inia ukutani haujafika ardhini. Bila erthi ya kweli kifaa kinawasha taa nyekundu na kugoma, na kina haki.

Ila hizo milioni 3 ni zako kama betri ni nzima tu. Leaf haina mfumo wa kupoza betri, na joto ndilo linaloiua. Usinunue kwa kuhesabu vile vipande 12 vya dashibodi vinavyoonyesha afya ya betri: kipande cha kwanza hakipotei mpaka betri imeshapungua karibu asilimia 15, na kuna wajanja wanaoweza kuvirudisha vyote kwa kompyuta. Nunua kidude cha Bluetooth cha kuchomeka chini ya usukani, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, soma asilimia mwenyewe. Kama unaagiza, mwambie muuzaji akutumie picha ya hiyo programu, akisita achana naye. Na usikimbilie la zamani kwa urahisi wa bei: likivuka miaka 8 ushuru wa uchakavu unaingia, likivuka 10 unapanda tena, na betri nayo imezeeka. Unalipia uzee mara mbili. Langu naliegesha chini ya mwembe, nachaji usiku baridi ikiwa imeingia, sijazi mpaka mia kama sisafiri. Limeshuka kutoka 84 hadi 79. Kuna siku umeme unakatika usiku kucha, kwa hiyo silali nalo likiwa chini ya nusu.

Newala nilikwenda nalo mara moja, msimu wa korosho, sirudii. Gari na watu ni kama kilo 1,700. Kila mita 100 za kupanda zinakula karibu nusu yuniti juu ya matumizi ya kawaida, na kule juu unapanda mamia. Lami ikiisha, betri iko chini ya sakafu na gari liko chini, unasikiliza kila jiwe moyoni. Halafu nikalijaza mpaka mia ugenini, nikaanza kuteremka, na betri iliyojaa haipokei umeme wa kuteremkia. Kilima chote nimekanyaga breki za kawaida.

Dar siizungumzii. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika Somanga, watu walizungukia Songea. Jiulize ungekuwa umechomeka wapi.

Kwa hiyo mdau, Leaf chukua, ya 40 kama mfuko unaruhusu, na hapo Lindi na kurudi siku moja, betri ikiwa nzima na mguu ukiwa mwepesi, inawezekana kwa kubana. Ila hiyo IST usiiuze bado. Yangu iko uani, nimeifunika turubai, na Jumamosi inanipeleka Newala msibani.