Wasomaji wameuliza: Brian, kishoka chake na siku 54 porini

Toleo lililopita niliwaomba mliosoma Hatchet ya Gary Paulsen mniandikie mlichokiona, na kusema kweli sikutegemea barua zote hizi. Kwa ambaye hakijui, ni riwaya ya vijana ya mwaka 1987. Brian Robeson ana miaka 13, wazazi wameachana, anapanda kandege ka injini moja kwenda kwa baba yake anayefanya kazi kwenye visima vya mafuta kaskazini mwa Kanada. Rubani anashikwa na moyo angani anafariki, mtoto anabaki peke yake na usukani mpaka mafuta yanaisha, ndege inatumbukia ziwani katikati ya misitu isiyo na mtu, na kitu pekee cha maana alichonacho ni kishoka alichopewa na mama yake kiko mkandani. Ntataja mpaka mwisho wake humu, kwahiyo kama ndo unakisoma weka gazeti pembeni kwanza umalize.

Dada mhariri, mimi ni baba wa watoto watatu, nipo Mwanza, na kuchoma kamongo na kambare kwa mkuki nimefanya sana. Mwanangu alikuwa ananisomea jioni akanitafsiria, tulipofika pale Brian anachoma samaki na mkuki anakosa anakosa nikamwambia huyo mtoto analenga samaki anayemuona, alenge chini yake. Kurasa chache mbele ndo anakuja kugundua! Mwanangu alinitazama kama mchawi. Swali langu, huyo mwandishi alijuaje haya mambo, alikuwa mvuvi?

Kaka yangu umenifurahisha mno, yaani hii barua nimeisoma mara tatu. Wewe uliyechoma kamongo na kambare kwenye tope unajua kwa mkono kitu ambacho Brian ilibidi akikumbuke kutoka darasani, kwamba mwanga unapinda ukitoka majini kwahiyo samaki anaonekana yuko juu kuliko alipo kweli. Na Paulsen ndo hivyohivyo, hakuandika kwa kuhadithiwa. Alizaliwa Minneapolis 1939, nyumbani kulikuwa na pombe na ugomvi, porini ndo palikuwa kimbilio lake tangu mdogo, akiwinda na kuvua na kutega wanyama. Ukubwani alishiriki, mwaka 1983 na 1985, yale mashindano ya Iditarod ya kuendesha mbwa wanaovuta sleji kule Alaska, zaidi ya kilomita 1,500 kwenye theluji. Na kile kifo cha rubani kinachotisha vile, Paulsen aliwahi kujitolea kwenye gari la wagonjwa, watu waliokufa kwa moyo aliwaona kwa macho yake. Alifariki Oktoba 2021 akiwa na miaka 82. Kuna kitu kimoja tu kinanichekesha kwa upendo, Brian anakula mayai mabichi ya kobe wa majini, na Paulsen aliandika baadae kuwa yeye mwenyewe alijaribu yakamshinda, yalirudi. Mtoto wa kwenye kitabu alikuwa na njaa kuliko yeye.

Mi nipo Form Three, Mombasa. Kusema ukweli niliboeka. Anarudia rudia maneno, mara "siri", mara "talaka", neno moja sentensi nzima. Kwani hakuwa na editor?

Mdogo wangu sitakulazimisha ukipende, kitabu si dawa. Ila nakuomba jambo moja tu, chukua ule ukurasa wa ndege inashuka usome kwa sauti, usisome kimoyomoyo. Mtu akiogopa hawazi kwa sentensi ndefu zilizopangwa, neno moja linamng'ang'ania kichwani linagonga linagonga, na Paulsen ameandika vile kichwa cha mtoto aliyeogopa kinavyokwenda. Hadithi za bibi zetu nazo si zinarudia, akaenda akaenda akaenda mpaka msikilizaji anachoka na safari? Ukisoma kwa sauti bado ukaboeka basi niandikie tena, ntakukubalia.

Mwalimu wa sayansi, Iringa. Wanafunzi wangu wanabishana kuhusu moto. Wengine wanasema kishoka na jiwe haviwezi kuwasha moto, ni uongo wa vitabu. Tafadhali tusaidie.

Inawezekana mwalimu, na hapa naomba nafasi kidogo kwasababu kwangu mimi hii ndo sehemu bora ya kitabu chote. Chuma kigumu kikipigwa na jiwe gumu kama gumegume au lile jeupe la kwatzi, vipande vidogo sana vya chuma vinabanduka na kuwaka vyenyewe hewani, ndo zile cheche. Anayeungua ni chuma, jiwe kazi yake ni kukwangua tu. Bunduki za zamani za gumegume zililipuka kwa njia hiyohiyo.

Ila angalia alivyofika hapo. Usiku nungunungu anaingia kwenye pango lake, giza totoro, Brian anarusha kishoka kwa woga kinapiga ukuta cheche zinatoka, na yeye hazioni! Yaani anaziona lakini hajui ameona nini, maana mguu umejaa miiba analia. Mpaka alale aote ndoto, aamke, jua la asubuhi ling'ae kwenye kishoka, ndo akili inaunganisha. Alafu hata hapo moto hauwaki. Anajaribu majani makavu, wapi. Anajaribu vijiti, wapi. Anachana noti ya dola 20, wapi. Mwisho anachukua magome ya ule mti wa kwao wa magome meupe yanayobanduka kama karatasi, yana mafuta ndani yake, anayachambua kuwa nyuzi nyembamba kama nywele, kwa muda mrefu sana, cheche zinashika zinazima, mpaka anakumbuka kwamba moto unataka hewa anapuliza. Kurasa nyingi kwa moto mmoja tu! Sinema ingemaliza kwa nusu dakika.

Waambie wanafunzi wako kwamba magome hayo huku hatuna, lakini babu zetu nao walijua kwamba kazi yenyewe iko kwenye kile kinachopokea cheche, makumbi ya nazi, sufi, nyasi zilizosagika. Anayepekecha kijiti juu ya kijiti anaanza kutafuta hivyo kabla hajagusa kijiti. Ukiwafanyisha darasani iwe nje, na ndoo ya maji iwepo.

Hivi Kanada kuna mbu kweli? Kule si barafu? Msomaji wa Tanga.

Wapo tena wengi kutisha. Theluji ikiyeyuka inaacha madimbwi kila mahali na kiangazi chao kifupi mbu wote wanatoka kwa pamoja. Brian walimfunika uso ukavimba macho yakazibika. Malaria tu ndo hawana. Na kilichomwokoa ni moshi, kama kwetu.

Dada, nakuandikia kutoka Edmonton, Kanada, nina miaka tisa huku. Kijana wangu alipewa kitabu hiki shuleni. Mambo mawili. Kwanza ile sehemu inayosema kujionea huruma hakusaidii imenikera, mtoto alie! Pili naogopa watoto wakidhani wakipotea porini wawe mashujaa waanze kutembea.

Mama nimekuelewa na la kwanza nilibishana nalo na mimi muda mrefu. Lakini rudi uangalie, Brian alilia. Alilia usiku ule wa miiba mpaka akaisha, na kitabu hakimcheki wala hakimwiti mwoga. Anachokiona yeye ni kwamba alipomaliza kulia giza lilikuwa lilelile na mguu unauma vilevile, hakuna kilichobadilika. Haya ni mahesabu ya mtu aliye peke yake kabisa, asiye na wa kumsikia. Mtoto wako ana wewe, kilio chake kina mtu wa kukipokea kwahiyo kwake hesabu ni nyingine, na hilo ndo la kumwambia mkimaliza kusoma.

La pili upo sahihi kabisa na nashukuru umelisema. Huko Amerika Kaskazini watoto wanafundishwa mpango unaitwa Hug-a-Tree, ulianza California 1981 baada ya mtoto wa miaka tisa kupotea mlimani akafa. Wanafundishwa kwamba ukijua umepotea kaa palepale, kumbatia mti, jifanye uonekane mkubwa, wanaokutafuta watakuja. Na ukitazama vizuri Brian alifanya hivyo, alibaki kwenye ziwa lake. Shida yake ni kwamba rubani akihangaika na maumivu aliikengeusha ndege, kwahiyo aliangukia mbali na pale ambapo watu wangemtafuta kwanza.

Mzazi, Arusha. Nimeona kuna mahali huyo mtoto anataka kujiua. Nimekificha kitabu. Nimekosea?

Hujakosea kuogopa dada yangu, na nakushukuru kwa kuuliza badala ya kukichana. Ni kweli lipo. Ndege ya kumtafuta inakuja, anaisikia, inageuka inaondoka, na usiku ule Brian anajaribu kujidhuru kwa kishoka kilekile. Paulsen hakulipamba wala hakulieleza kwa kina, ni mistari michache tena anaikumbuka baadae wakati amekwisha vuka. Kitabu kinahesabu siku 47 tangu ndege ianguke na 42 tangu azaliwe upya, Brian mpya. Yaani alikaribia kabisa kuondoka alafu akaishi, akavua samaki, akatengeneza upinde, akajifunza kuwaona wale ndege kama kwale ambao mwanzo walikuwa wanamrukia miguuni bila kuwaona.

Mimi nisingekificha, ila nisingempa akasome peke yake chumbani pia. Kisomeni pamoja, mkifika hapo funga kitabu umuulize moja kwa moja, na wewe umewahi kujisikia hivi? Kuuliza hakumpandikizii mtoto wazo, usiogope neno lenyewe. Na akikujibu ndiyo, kitabu kingoje, kaa naye umsikilize usimfokee, na umpeleke kwa daktari au mshauri siku hiyohiyo usisubiri wiki ijayo.

Mwisho wa kitabu umeharakishwa! Siku 54 za mateso alafu paa, ndege imetua, kwisha. Nimeibiwa. Kijana wa Nakuru.

Wengi mmelalamika hivi na hata Paulsen aliandikiwa barua nyingi za namna hiyo, mpaka akaandika Brian's Winter mwaka 1996, ambapo anachukulia kwamba hakuokolewa na baridi ikamkuta hukohuko. Kitafute, mi nakipenda karibu sawa na cha kwanza. Lakini huu mwisho naomba niutetee kidogo. Ameshapata begi la dharura kutoka kwenye mkia wa ndege, lina chakula, kiberiti cha gesi na bunduki, na bunduki inamkosesha raha, anahisi inamtenga na kila kitu alichokwisha kijua kwa macho na masikio. Kuna na redio ya dharura, anaibonyeza anaona haifanyi kazi anaitupa pembeni, kumbe imeshasikika. Mnunuzi wa ngozi anatua na ndege yake, na huyu mtoto aliyepungua asilimia 17 ya uzito wake anachomwambia ni jina lake, alafu anamkaribisha chakula. Hapo mimi huwa nafunga kitabu nakaa kimya kidogo.

Shikamoo. Nipo darasa la saba. Kwa nini Brian hakumwambia baba yake ile Siri? Mimi ningekuwa yeye sijui kama ningesema.

Marahaba mwanangu. Umeuliza swali ambalo wakubwa wote hapo juu hawakuliuliza. Kwa wasiojua, Brian alimuona mama yake akimbusu mwanaume mwingine kabla ya ile talaka na baba hajui. Anaondoka na hiyo Siri New York, anaanguka nayo ziwani, na ukurasa wa mwisho kabisa anakaribia mara kadhaa kumwambia baba yake lakini hasemi.

Mimi nadhani mwanzo alinyamaza kwasababu ya hasira, mwisho alinyamaza kwa sababu nyingine. Kule porini alijifunza kutazama kitu mpaka akielewe kabla ya kukigusa, na nadhani alimtazama baba yake hivyohivyo akaona maneno yale yatamuumiza na hayatarudisha nyumba yao. Lakini sina uhakika kama alifanya vizuri, na kwangu mimi hili ni zito kuliko nungunungu na kimbunga, kwamba mtoto wa miaka 13 ameweza kuwasha moto kwa jiwe, akaweza kuzamia ndani ya ziwa kutafuta kishoka kilichomponyoka, lakini lile la nyumbani hakupata mtu wa kumsaidia kulibeba.

Umesema hujui kama ungesema. Kama ni kitabu tu tunachokiongelea nimefurahi tumeongea. Kama kuna jambo lako, si lazima aambiwe baba au mama kwanza, tafuta shangazi, bibi, mwalimu unayemwamini, mmoja tu inatosha kuanzia. Na ukitaka kuniandikia tena andika, barua yako sitaichapisha, ntakujibu kwa mkono.