Ukiwa na Njaa Japani, Usiingie Palipoandikwa "Snack"

Nilipelekwa Yokohama kwa mafunzo ya miezi mitatu. Jumamosi ya kwanza, saa tatu usiku, nikaona kibao cha taa ya zambarau uchochoroni nyuma ya stesheni: "Snack". Nilikuwa sijala tangu mchana. Nikajisemea, hapa sikosi sambusa, au japo chipsi.

Ndani palikuwa na kaunta yenye viti saba, wazee wawili wanaogombea maikrofoni, na mama wa makamo aliyenikabidhi kitambaa cha moto nifute mikono. Akaniwekea kisahani cha karanga na glasi ya chai baridi. Karanga nikazimaliza, nikangoja chakula. Mzee mmoja kaimba nyimbo tatu, mimi nangoja tu. Kilichokuja ni bili: yeni 3,000.

Kumbe kwa Wajapani "Snack" ni baa ndogo ya karaoke, na mwanamke anayeiendesha huitwa Mama, hivyohivyo kama tunavyosema sisi. Pesa unatozwa kwa kukaa tu. Hakunidhulumu mtu. Mimi ndiye niliyesoma kibao kwa Kiingereza cha darasani, wakati neno lenyewe lilishahamia Japani na kupata kazi nyingine. Nasi tunayo ya kwetu: mpeleke Mwingereza kwenye grosari ya Sinza akanunue vitunguu, uone atakavyoduwaa kukuta watu na bia zao mezani.

Kwa hiyo majina yacheke, lakini yajue. "Viking" ni mgahawa wa kujipakulia. Unalipa mara moja, unakula mpaka basi. Jina hilo lilianzia Imperial Hotel ya Tokyo mwaka 1958, walipoiga meza za vyakula za Skandinavia, walikotoka Waviking, mabaharia wa kale. Mwenye njaa kama yangu angekimbilia huko. "Mansion" nayo si jumba la kifahari, ni ghorofa la fleti tu, na kuna vyumba humo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili (natia chumvi, ila si nyingi).

Wapenzi wa mitumba, tafuteni "Recycle Shop". Mimi nilizipita nikidhani wanakusanya chupa tupu. Kuna Book Off ya vitabu vilivyotumika, na Hard Off ya redio, kamera na magitaa. Jina hilo la pili linasikika kama mashine iliyokata roho, lakini vitu vyake vingi ni vizima. Cha kuogopa ni makreti yaliyoandikwa "Junk": vya humo havijajaribiwa, na ukishalipa hurudishi. Hata kilicho kizima, kumbuka umeme wa Japani ni volti 100, chini sana ya wa kwetu. Redio yangu niliichomeka Dar es Salaam bila transfoma. Iliongea kidogo, ikatoa moshi.

Siku hizi kibao sikisomi kwanza. Naangalia dirisha, maana migahawa mingi huko huweka sampuli za plastiki za chakula pamoja na bei. Dirisha likiwa limezibwa na bei haionekani, nauliza kabla sijakaa, hata kwa vidole.

Usiku ule niliokolewa na Lawson, duka lenye picha ya debe la maziwa, kwa kuwa lilianzia kwenye biashara ya maziwa huko Ohio, Marekani. Wiki nzima nilikuwa nikilipita nikijua hapo ni maziwa tu. Nikatoka na matonge mawili ya wali yenye samaki ndani, nikayala palepale nje, nimesimama.