Mpangaji hana lupango, ila kura anayo

SWALI: Jambo Mama. Napanga chumba hapa Katuba, nauza mikate. Tulipokuwa tunazungumza juu ya uchaguzi wa komini, yaani sehemu ya mji kama hii Katuba, papa mwenye lupango (kiwanja chenye nyumba) akatucheka mbele ya watoto: "Komini ni ya wenye malupango. Mpangaji leo Katuba, kesho Ruashi, atachagua nini?" Yeye ana malupango matatu, moja Kampemba. Ni kweli? Na yeye atapiga kura tatu?

Mama Mikate, Lubumbashi

JIBU: Mwanangu, mheshimu papa huyo na umlipe kodi kwa tarehe, lakini kwa hili asikutishe. Katiba ya 2006, kifungu cha 5, inasema wapiga kura ni Wakongomani wote, wanaume kwa wanawake, waliotimiza miaka 18 na wenye haki zao za kiraia na za kisiasa. Lupango halikutajwa. Wasiopiga kura nao wanajulikana: askari jeshi na polisi, aliyenyang'anywa haki na mahakama, na mgonjwa wa akili aliyethibitishwa. Mpangaji hayumo.

Tena asijisifu sana kwa udongo. Tangu sheria ya ardhi ya 1973, udongo wote ni wa Serikali. Sertifika, hati ya lupango aliyoifungia sandukuni, inampa haki ya kuutumia. Kama kura ingefuata udongo, Serikali ingepiga peke yake!

Kura tatu, hapana. Kadi ya mpiga kura ni moja, na unapiga pale ulipojiandikisha. Kujiandikisha mara mbili ni kosa.

Ila mawazo yake yana wenzake. Ireland ya Kaskazini, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, mtu aliyepanga chumba ndani ya nyumba ya mwingine hakuchagua baraza la mji, na kampuni iliweza kupewa hadi kura sita. Papa wako angestarehe huko. Na hapa kwetu, mji ukiitwa bado Élisabethville, uchaguzi wa Desemba 1957 ulikuwa wa wanaume wa miaka 25 na zaidi. Mama zetu hawakuulizwa kitu.

Wewe angalia kadi yako tu. Kama uliandikishwa Ruashi kabla ya kuhamia Katuba, jina lako lingali Ruashi. Zoezi la kuandikisha likirudi, nenda nayo kwenye kituo cha Katuba. Usidharau: washauri wa komini ndio wanaomchagua mkuu wa komini, na wewe ndiwe unayelipa ushuru wa soko.

Akitaka kukutoa nyumbani kwa sababu ya kura, usijibizane naye uani. Chukua mkataba wako uende kwenye ofisi ya makao pale komini, kabla hujafunga mizigo.