Chakula cha Mombasa kina saa yake

Kila likizo inapokaribia, maswali yanayonifikia huwa ni lile lile moja lenye sura nyingi: tunakuja Mombasa, tule wapi? Nimekulia Mji wa Kale, na mahamri ya asubuhi bado nanunua kwenye pembe ile ile alikokuwa akinituma mama nikiwa na miaka saba. Kwa hiyo nijibu kama mwenyeji. Hapa kwetu, kabla hujauliza wapi, uliza saa ngapi. Utaona kwa nini.

*Tunakuja na treni inayoondoka Nairobi saa tisa alasiri, pamoja na watoto wawili, wa miaka minne na tisa. Tutakuwa na njaa. Tule wapi usiku huo? (Kitengela)*

Treni hiyo huingia kituo cha Miritini mnamo saa mbili usiku, na Miritini si mjini. Hesabu foleni ya Changamwe, hesabu mizigo, utafika kisiwani saa tatu watoto wakiwa wanalia. Wape kitu ndani ya treni, hata kama ni mkate na yai la kuchemsha.

Mkishatua mizigo, hiyo ni saa ya makaa. Nendeni barabara ya Makadara, mkae mkahawa wa Tarboush au katika meza za jirani zake, muagize kuku wa tikka na mishkaki. Mishkaki mizuri utaijua kabla hujaila. Nyama imekatwa vidogo, si madonge. Kati ya vipande viwili vya nyama pana kidonge cha mafuta, na mafuta hayo yakidondokea makaa moshi unapanda na kuirudia nyama. Nyama imelala ndani ya papai bichi, tangawizi na thomu, yaani kitunguu saumu, tangu mchana, ndiyo maana inakatika kwa meno ya mtoto. Mdogo wa miaka minne mwagizie chipsi kavu na yai, kwa sababu tikka huwa imekwisha kutiwa pilipili na kuomba ya "bila pilipili" saa hiyo ni kumwonea mpishi.

*Nimehamishiwa Mombasa kikazi, naishi Tudor. Wenzangu wanasifu mahamri na mbaazi, lakini kila nikinunua nayakuta baridi na magumu. Wanakosea wao au nakosea mimi? (Tudor)*

Unanunua saa ngapi, dada? Nadhani saa nne, ukitoroka ofisini. Mahamri ya saa nne ni mabaki.

Mahamri na mbaazi ni chakula cha saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili. Anayeyapika ameumua unga usiku, kwa tui, sukari na iliki, na mbaazi amezitia maji jana. Alfajiri anasukuma, anakata pembe nne au pembe tatu, anatia kwenye karai. Simama karibu utazame: hamri linazama, kisha linaibuka na kufura kama mto, yeye analimwagia mafuta ya moto mgongoni kwa upawa ili lifure sawasawa, halafu analigeuza mara moja tu. Likitoka, lipasue. Ndani liwe wazi, na mvuke wa iliki ukupige usoni. Likiwa limejaa kama mkate, huyo hakusubiri unga uumuke, mhame.

Mbaazi nazo zina mtihani wake. Tui zito hutiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, mpishi akikoroga lisikatike. Ukiona mchuzi umejitenga, maji huku na mafuta kule, haraka iliingia. Ukiona umeshikana na mbaazi, weupe wenye umanjano kidogo wa bizari, agiza sahani ya pili mapema kwa kuwa zitakwisha.

Hapo Tudor huna haja ya kuvuka mji. Muulize bawabu wa jengo lako au mama anayefagia nje ya duka ni nani anayekaanga mtaani. Wapishi wengi wa mahamri hawana kibao wala jina la duka: ni meza mbele ya mlango wa nyumba, karai, na watoto wenye mabakuli yao wakisubiri mbaazi. Beba bakuli lako na wewe. Hutapunjwa.

*Mimi ni wa Dar es Salaam. Nasikia huko kuna viazi karai, bhajia na katlesi. Si viazi vyote hivyo? (Temeke)*

Ni viazi vyote, na ni vitu vitatu tofauti kabisa. Bhajia za viazi ni vipande vyembamba, vibichi, vilivyopakwa unga wa dengu wenye thomu na dania, vikakaangwa mpaka ukingo unalia. Katlesi ni kiazi kilichopondwa, ndani mna nyama ya kusaga, nje yai. Viazi karai ni kiazi kilichochemshwa kwanza, kikachovywa kwenye uji mzito wa unga wa ngano wenye rangi ya manjano, kikatiwa mafuta yanayochemka. Kwa hiyo ganda la nje linavunjika na ndani ni laini.

Lakini, ndugu yangu, kinachoamua ni ukwaju. Viazi karai huliwa kwa ukwaju mzito wenye pilipili, na kila mwuzaji ana wake. Wengine hutia sukari mno ukawa kama jemu. Mimi napenda ule unaokufanya ufumbe jicho moja. Omba akupasulie viazi katikati, amimine ndani, si juu. Noti ya 100 inakutosha ukashiba.

Saa yake ni baada ya sala ya alasiri. Kuanzia saa kumi utaona karai zinawekwa mitaani Kibokoni, Majengo, Bondeni, na watu wanatoka makazini wanapita wakichukua. Ukija saa sita mchana utaambiwa bado, na anayekuuzia saa sita anakuuzia vya jana.

Na jioni ile ile, ukitaka upepo, shuka Mama Ngina, kule kwenye mibuyu mikubwa mbele ya mlango wa Kilindini. Pamejengwa upya mwaka 2019, pana njia za kutembea na ngazi za kukalia. Chakula cha pale ni muhogo uliopasuliwa, ukapakwa ndimu na unga wa pilipili kwa kipande cha ndimu yenyewe, na dafu la kuzimia moto. Kaa, tafuna, tazama meli inavyoingia bandarini taratibu, karibu kiasi cha kuona watu walio juu. Kula kwingine kwa bei hiyo na mandhari hayo sikujui.

*Mwanangu ana tumbo jepesi. Nikimlisha barabarani nitajilaumu. Nijizuie kabisa? (Nakuru)*

Usijizuie, mama, ila chagua kwa macho. Kinachotoka kwenye mafuta yanayochemka na kuingia mkononi mwako papo hapo ni salama kuliko chakula kilichokaa kwenye kabati la kioo tangu asubuhi, hata kama kabati hilo liko ndani ya mkahawa wenye feni. Tazama mafuta: yawe na rangi ya chai ya rangi, si ya kahawa. Tazama anayepokea pesa, kama ndiye anayeshika chakula kwa mkono ule ule. Fuata foleni ndefu ya wenyeji, maana chakula kinachokwisha haraka hakipati muda wa kuharibika.

Cha kuogopa kwa mtoto wa tumbo jepesi ni vitu visivyopita motoni: kachumbari iliyokatwa zamani, juisi zenye barafu usiyojua maji yake, na ukwaju ulioachwa wazi. Dafu ni rafiki yake, likikatwa mbele yenu na akinywa mlemle ndani.

*Bibi yangu alitoka Mombasa akaolewa Omani. Alikuwa akizungumzia haluwa na mkate wa mofa mpaka anafariki. Nakuja kwa mara ya kwanza. Nivipate wapi? (Muscat)*

Swali lako limenikalia moyoni, nami nakujibu kama ninavyomjibu mtoto wa ndugu yangu.

Haluwa unaijua, kwenu ipo na pengine ni bora kuliko yetu. Ilivuka bahari pamoja na watu, huku na huku. Ya kwetu hupikwa kwa wanga, sukari, samli na iliki, ikakorogwa kwenye sufuria kubwa bila kupumzika mpaka inaachana na chombo. Nenda Mji wa Kale au maduka ya kuelekea Makadara, na usikubali kununua kabla hujaonjeshwa. Mwenye duka wa kweli atakuchotea kwa kisu, bila kuombwa. Ing'ae, ivutike, isishike kwenye kaakaa. Ukiona chembechembe za sukari, hiyo imelala.

Usiile peke yake. Bibi yako hakuila peke yake. Subiri baada ya Magharibi, mwuza kahawa anapopita na dele lake la shaba, makaa chini yake, akigonganisha vikombe vidogo kwa vidole vya mkono mmoja. Sauti hiyo utaisikia kabla hujamwona. Kahawa tungu, kipande cha haluwa, kwenye baraza ya mtu. Na wanaokaa pale, waambie jina la bibi yako na mtaa wake. Wazee wetu wanajua nani aliolewa wapi, na huenda ukainuka pale umepata jamaa.

Mofa ni kazi zaidi. Ni mkate wa mtama unaobandikwa ukutani ndani ya tanuri la udongo, na wapikao wamepungua. Tafuta mwezi wa Ramadhani, jioni kabla ya kufuturu, ndipo vitu vya kale hutokeza mezani. Mkate wa sinia, vibibi na kaimati utavipata siku nyingi kwa kuagiza kwa mama wa nyumbani. Agiza siku moja kabla.

*Nikija Ramadhani na mimi si Mwislamu, nitashinda njaa? (Eldoret)*

La. Mchana migahawa mingi ya Mji wa Kale hufunga, lakini mahoteli na sehemu nyingi za katikati ya mji na Nyali huendelea. Kula ndani, usitembee ukitafuna barabarani. Hakuna atakayekupiga, ni adabu tu kwa mtu aliyefunga kwenye joto lile. Kisha jioni toka. Huo ndio mwezi Mombasa inapopika kuliko yote, na saa zote zinageuka: viazi, sambusa, bhajia, mihogo ya nazi, vyote vinapangwa kuanzia saa kumi, na baada ya tarawehe mji unakula mpaka daku.

*Biriani au pilau? (Voi)*

Ijumaa baada ya sala, biriani. Siku nyingine, pilau.

*Sili nyama. Nitakula nini zaidi ya chipsi? (Kisumu)*

Utakula vizuri kuliko wengi. Mbaazi, maharagwe ya nazi, mchicha wa nazi na wali wa nazi vyote ni vya kwetu. Tena Mombasa ina Wahindi wa vizazi vingi, na barabara ya Haile Selassie upo mkahawa wa Blue Room, uliofunguliwa 1952, ambapo bhajia na aiskrimu vimelisha wanafunzi, babu zao na wajukuu. Hapo saa haikubani sana.

*Ufuoni tuliagiza samaki wa kupaka, bili ikatutoa machozi. Tulikosea wapi? (Thika)*

Hata mimi mwenyeji yamenikuta. Niliwahi kukaa mahali fulani pwani ya kaskazini na wageni wangu, nikaona aibu kuuliza bei mbele yao, nikalipa, nikajuta kwa siku tatu zilizofuata. Samaki huuzwa kwa uzito. Uliza bei ya kilo, mwone samaki, mwone akiwa kwenye mizani, kisha ndiyo aende jikoni. Uliza pia kama wali na kachumbari vimo ndani ya bei hiyo. Kuuliza si ubahili, na mwuzaji mwaminifu hufurahi kuulizwa.

Na mpe muda. Samaki wa kupaka huchomwa kwanza, kisha hupakwa tui lenye ukwaju na pilipili, akarudi motoni, akapakwa tena. Akija baada ya dakika kumi, huyo amemwagiwa mchuzi tu.

*Ninapita tu. Nitakuwa na saa moja Mwembe Tayari nikingoja basi la Dar. Nile kitu gani kimoja? (Malindi)*

Hukuniambia basi ni la saa ngapi. Likiwa la asubuhi, mahamri mawili na mbaazi, na chai ya tangawizi. Likiwa la jioni, viazi karai, na ukwaju atie kwenye chombo chake peke yake usije ukamwagikia safarini. Likiwa la usiku, kikombe cha supu ya pweza yenye ndimu, ukiwa umesimama, mkoba katikati ya miguu.