Muulize Bwana Shamba: Grinihausi yangu imekuwa tanuri

SWALI: Salamu sana Bwana Shamba. Mimi nakaa Arua, nimejenga kagrinihausi nyuma ya nyumba, mita 6 kwa 8, nguzo za kalitunsi, nailoni nimefunika juu mpaka chini kote nikabakisha mlango tu. Nyanya zimepanda vizuri yaani majirani wanakuja kuangalia majani, ila maua yanadondoka yote, sijavuna hata bakuli moja. Saa saba mchana mimi mwenyewe siwezi kukaa mle dakika tano. Namwaga maji chini papoe lakini wapi. Mume wangu anasema tufugie kuku basi. Nifanyeje?
Mama Nyanya, Arua

JIBU: Mama, kuku wangoje kwanza. Hizi nyumba zilianzia nchi za baridi, kule Uholanzi wanataka ishike joto maana nje kunaganda, sasa sisi huku joto tunalo la kugawa, tunachotafuta ni mvua isipige majani na wadudu wasiingie, basi. Ulitakiwa ujenge mwavuli, wewe umejenga blanketi.

Jua linapita kwenye nailoni linapiga udongo na majani, hewa ikishapata moto inapanda, ikifika juu inakuta pamezibwa, inajaa mpaka chini. Joto likishapita kama nyuzi 32 mchana chavua ya nyanya, ule unga wa ndani ya ua, inaharibika, ua linakauka na kudondoka hata kama mti wenyewe una afya tele. Na yale maji unayomwaga ndo yanazidisha, mvuke hauna pa kwenda, unapata joto la jikoni posho (ugali) ikiwa motoni, halafu chavua ikishika unyevu inagandamana haimwagiki.

Sasa kazi. Toa nailoni ya ubavuni, acha sentimita 50 tu kutoka chini kuzuia matope ya mvua, juu yake weka neti ya wadudu pande zote nne. Nasema zote manake watu wanafungua upande mmoja halafu wanashangaa hewa haiingii, na upepo hauingii mahali usipoona pa kutokea. Hesabu ya kawaida ni matundu yasipungue robo ya sakafu, yako ni mita 48 za mraba kwa hiyo ni kama 12, ila neti yenye vitundu vidogo vya kuzuia nzi weupe inaibana hewa, piga hiyo mara mbili au tatu.

Halafu paa. Hukuniambia urefu, lakini kama mkono wako unaigusa nailoni basi ni fupi. Katikati ifike mita 3 na nusu au 4, nusu moja ya paa ipande juu ya mwenzake kwa kama sentimita 50, na lile pengo liwe la neti urefu wote wa nyumba, joto litatoka lenyewe kama moshi. Pengo lisiangalie mvua inakotokea, siku ya dhoruba tazama ukuta gani wa nyumba yako unalowa, ule upe mgongo.

Na naomba hiyo nailoni isiwe ile ya kawaida ya dukani, jua letu linaichana miezi michache tu. Ulizia iliyotiwa dawa ya kuhimili jua, unene wa maikroni 200. Ivute saa za jua kukiwa hakuna upepo, ukiivuta asubuhi ya baridi mchana inalegea inaanza kupigapiga mpaka ichanike. Nguzo zipake rangi nyeupe pale nailoni inapolalia, kila msumari uweke kipande cha tyubu ya baiskeli.

Desemba mpaka Februari kiangazi kikiwaka huko kwenu, funga neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 hadi 50 ya jua, kwa nje juu ya paa, ukiiweka ndani joto lishaingia. Hela ikikosekana, changanya chokaa na maji urushie juu ya nailoni, kidogo tu, mvua zikirudi zitaiosha bure. Na asubuhi saa tatu saa nne gongagonga zile kamba unazofungia nyanya, maana mle hakuna wa kuyatikisa maua.

SWALI: Zangu zinanyauka ghafla zikiwa kijani kabisa, nayo ni joto?
Kijana wa Mukono

JIBU: Zikiamka jioni, huenda ni joto. Zisipoamka, kata shina karibu na udongo ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka hiyo ni mnyauko wa bakteria na hakuna dawa ya kupuliza. Ng'oa na mizizi yake uchome, hapo usirudishe nyanya, biringanya, pilipili wala viazi ulaya, ukitaka nyanya panda kwenye magunia kwa udongo wa kwingine. Na jembe ulioshe kabla hujahamia mstari wa pili.